Kilichopotea Katika Mlango wa Sabaki



Ndugu msomaji, na hasa kina mama na dada zetu ambao ndio wasomaji wakuu wa ukurasa huu, wiki hii nawaomba tutoke kidogo katika masuala ya darasani twende pwani, kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Ni safari tuliyoifanya watu saba wa nyumba moja katika likizo ya Agosti, tukiwa na mashine ya kutafutia vyuma mchangani. Tulikwenda kutafuta kitu chetu kilichopotea. Tuliyorudi nayo siyo tuliyoyatarajia, na sehemu yake moja ni aibu yangu mimi, ambayo nimetakiwa niiseme hadharani. Nitaisema mahali pake, insha Allah.

Kisa kilianza sikukuu ya Idi. Siku ile tulikwenda kupunga upepo hapo hapo mlangoni mwa Sabaki, watoto wakacheza mchangani hadi magharibi. Mkaza mwanangu alikuwa amevaa bangili zake tatu za dhahabu, za mahari. Kesho yake alipozihesabu akakuta mbili. Nyumba ikapekuliwa, magodoro yakageuzwa, takataka zikachambuliwa, isionekane. Na kama tujuavyo, kitu cha thamani kikipotea nyumbani, macho ya watu hayatafuti kitu peke yake, hutafuta na mtu. Yakamwangukia binti aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani, mwana wa watu kutoka bara ya Magarini. Hakuna aliyemwona ameishika. Hakuna aliyetamka kuwa ni mwizi. Lakini aliulizwa mara tatu, mkoba wake ukafunguliwa mbele yake, na kabla ya wiki kwisha akapewa mshahara wake na nauli, akaambiwa aende kwao akapumzike. Majirani walipouliza kulikoni, walijibiwa kwa kuguna. Na kuguna nako ni maneno.

Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimekaa barazani na kitabu mkononi, wala sikusema neno.

Mwezi wa Agosti akaja kututembelea mpwa wangu aishiye Uingereza. Huko ana mchezo anaoufanya na wanawe siku za mapumziko: kutembea kandokando ya mito na mashambani na mashine ya kugundua metali. Hutafuta sarafu, vifungo vya nguo za zamani, na mikufu iliyokatika. Alituhadithia kuwa hata mto Thames unaopita katikati ya London hujaa na kupwa kama bahari yetu, na maji yakipwa huacha tope lililojaa vitu vya watu wa kale. Lakini hakuna ruhusa ya kuchimba ovyo. Ufukwe wa Thames una mamlaka yake, na anayetaka kutafuta huomba kibali kwanza. Shambani huombwa ruhusa ya mwenye shamba. Na kwa sheria yao ya hazina ya mwaka 1996, mtu akipata dhahabu au fedha ya zamani inayohesabiwa kuwa hazina, ana siku 14 za kutoa habari. Nilipenda kusikia hayo, kwa kuwa yanakaribiana sana na mlango wa fiqhi niliousoma nikiwa kijana, nami nitaufungua hapa baadaye.

Mke wangu ndiye aliyetoa rai. "Maalim," akasema, "twendeni na mashine hiyo Sabaki. Bangili ikipatikana mchangani, yule mtoto wa watu atakuwa amesafika." Sote tukaona amesema kweli. Leo najua kulikuwa na kosa ndani ya maneno hayo, lakini siku ile hatukuliona.

Anayetoka Malindi kwenda Mambrui huuvuka Sabaki kwa daraja kubwa la barabara ya Lamu. Mto huu una majina matatu. Juu huko kwenye nyanda za Ukambani huitwa Athi. Ukishaungana na mto Tsavo huitwa Galana. Unapofika kwetu pwani ni Sabaki. Safari hiyo yote huifanya ukiwa umebeba udongo wa bara, na msimu wa mvua za masika maji yake hutoka mlangoni yakiwa mekundu kama chai ya maziwa iliyokolea, yakaitia rangi bahari ya Malindi hadi mbali. Wenyeji wa Malindi wanaijua hali hiyo, ndiyo maana fukwe za mjini zina mchanga wa hudhurungi na zimezidi kwenda mbele, maji yakirudi nyuma mwaka baada ya mwaka.

Tuliacha gari, tukashuka kwa miguu kuelekea mlangoni. Tuliichagua siku kwa hesabu ya mwezi: ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, wakati wa bamvua, ambapo katika pwani yetu maji hupwa sana mnamo saa nne za asubuhi. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kwa nguvu, ukituchapa mchanga miguuni. Upande mmoja kuna vilima vya mchanga, upande mwingine mikoko na mabwawa ya maji ya chumvi na ya mto yaliyochanganyika. Ndege wa kila namna hukusanyika hapo, na heroe nao tuliwaona kwa mbali, wekundu wao ukionekana juu ya tope. Wavuvi walitunasihi tusikaribie vichaka vya kando ya mto, kwa kuwa viboko wamo, na ukiyafuata maji kwenda juu mamba nao wamo. Basi tukawawekea watoto mpaka: mwisho ni kwenye gogo lile, asipite mtu.

Mpwa wangu akawafunza wajukuu zangu namna ya kuitumia mashine. Ni fimbo ndefu yenye sahani mwishoni, na ndani ya sahani mna koili ya waya. Umeme wa betri hupita katika koili na kufanya uga wa sumaku unaoingia mchangani. Ukikutana na kipande cha metali, kipande hicho huzaliwa umeme mdogo ndani yake, nao hurudisha alama kwa mashine, na mashine hulia. Kazi haiishii hapo, kwa kuwa maji ya chumvi nayo hupitisha umeme na huichanganya mashine, na mchanga mzito mweusi vilevile. Kwenye mchanga uliolowa tuliisikia ikilialia bila sababu kama mtoto mwenye usingizi. Tena pete ya dhahabu na kizibo cha alumini huweza kutoa mlio wa kukaribiana. Hakuna njia ila kuinama na kuchimba.

Basi tukaanza, mistari sambamba, polepole, kutoka mahali tulipotandika mkeka siku ya Idi. Wanawake walichukua zamu zao sawa na wanaume, na mke wangu, ambaye hukataa kugusa hata rimoti ya televisheni, akawa hodari kuliko sote. Hii ndiyo faida ya kwanza niliyoiona katika mchezo huu: mtoto wa miaka saba na bibi yake waliinamia tundu moja, wakashangilia pamoja, na saa mbili zikapita bila mtu kutazama simu.

Na tulitoa nini? Vizibo vya soda, visivyohesabika. Misumari yenye kutu, bila shaka ya vyombo vilivyovunjwa zamani. Ndoana mbili. Chubwi nne za risasi, ambazo wavuvi walizipokea kwa furaha tulipowauliza kama ni zao. Ufunguo mmoja. Kijiko. Na ndururu ya zamani, ile ya senti tano yenye tundu katikati, ya mwaka 1942. Mjukuu wangu mkubwa akaichungulia bahari kupitia tundu lake, akauliza wakati ule ilinunua nini. Takataka zote tulizitia katika gunia tuliloliandaa, na kila tundu tulilifukia, kwa kuwa kasa na watu hupita pwani hiyo hiyo, na tundu lililoachwa wazi ni udhia uliowekwa njiani. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, kama tulivyofundishwa, na sikuwahi kuwa na njia nyepesi zaidi ya kuwafundisha watoto jambo hilo.

Bangili haikuonekana. Mzee mmoja mvuvi alitutazama kwa muda, kisha akatuambia ukweli: tangu Idi masika yote yamepita hapa, mto umeleta mchanga mpya na kuuchukua wa zamani, na tulipokaa siku ile huenda leo pako chini kuliko kimo cha mtu au pamekwenda baharini. Mkaza mwanangu aliposikia hayo alikaa chini.

Ilipokaribia saa sita mashine ililia mlio safi. Mjukuu wangu mdogo akachimba kwa mikono, akatoa pete. Dhahabu kwa hakika, na ndani yake mna maandishi. Kelele za furaha zilinyamaza mara moja, kwa kuwa kila mmoja alitazama na kuona kuwa si bangili, na si yetu.

Tulisali adhuhuri juu ya mkeka, tukala viazi vya karai na mkate wa mofa, nami watoto wakanitaka hukumu ya pete. Nawaandikia hapa kwa ufupi nilivyowaambia, maana mlango huu wengi wetu hatuusomi hadi siku tunapookota.

Kitu cha mtu kilichookotwa huitwa luqata. Katika Hadithi iliyopokewa na Zayd bin Khalid al-Juhani, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu yake aliamrisha kijulikane chombo chake na kamba yake, yaani zishikwe sifa zake sawasawa, kisha kitangazwe mwaka mzima. Akija mwenyewe akakieleza kwa sifa zake, apewe. Kwa hiyo mwenye kuokota ni mwenye kupewa amana. Kutangaza hufanywa masokoni, milangoni mwa misikiti na mahali watu wakusanyikapo, ila si ndani ya msikiti, kwa kuwa kumekatazwa kutafutia kilichopotea humo. Na katika kutangaza hutajwa jinsi ya kitu, zisitajwe sifa zake zote, ili mwongo asipate njia. Ama kitu duni ambacho mwenyewe hahangaiki nacho, kama kizibo au msumari, hakina mwaka wala tangazo. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliiona tende njiani, na kilichomzuia kuila ni kuchelea tu isiwe ya sadaka.

Mjukuu mkubwa, ambaye anasoma madrasa na anapenda kunijaribu, akauliza: je, si rikazi hii, tukatoa tano yake moja na iliyobaki ikawa yetu? Nikafurahi kwa swali lake, ingawa jibu halikumfurahisha. Rikazi ni mali iliyozikwa na watu wa zama za kabla ya Uislamu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kilicho na alama ya Uislamu si rikazi, hurudi katika hukumu ya kiokotwa au hutafutwa mwenyewe. Na pwani yetu hii, hata sarafu za mamia ya miaka mara nyingi zina alama hiyo. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, mathalan za Ali bin al-Hasan, zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu upande wa pili, yakilingana vina.

Hapo ndipo mtoto mdogo, aliyeiokota ile pete na aliyekuwa bado ameishika, aliponiuliza swali ambalo sikulipatia jibu. "Babu, huyu mwenye pete, ilipompotea, kwao alifukuzwa nani?"

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alitazama baharini. Nami nikakumbuka niliyokuwa nikiyafundisha miaka yote. Asili ya mtu ni kutokuwa na dhima juu yake. Ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Sisi tulikuja pwani kutafuta bangili ili binti yule asafike, na ilhali kwa sheria ya Mwenyezi Mungu alikuwa amesafika kabla hatujatoka nyumbani. Sisi ndio tuliokuwa na madai, na sisi ndio tusio na ushahidi. Bangili isipopatikana milele, yeye hapungukiwi na kitu. Ikipatikana kesho, haimzidishii usafi.

Tena nikakumbuka kidani cha Mama wa Waumini, Bibi Aisha (r.a.). Safari moja kilipotea, jeshi zima likasimama kwa ajili yake mahali pasipo na maji, ikateremka ruhusa ya kutayamamu, na alipoinuliwa ngamia kikakutwa chini yake. Safari nyingine alibaki nyuma akikitafuta, na midomo ya watu ikazua uzushi juu yake hadi Qurani ilipoteremka kumtakasa katika Sura ya Nuri. Kisa hiki nimekifundisha kwa wanawake wa mtaa wetu kila mwaka. Kilipokuwa kikitokea barazani kwangu, kikiwa na kito kilichopotea na mwanamke asiye na wa kumtetea, nilikuwa nimeshika kitabu.

Mke wangu akasema: "Kutoka Mambrui hadi kwao si mbali."

Tukaondoka. Mambrui ni mji mkongwe kuliko unavyojionyesha kwa mpita njia. Umekaa juu ya pwani kaskazini ya mto, una misikiti, una madrasa, na watu wake wana ada ya kusalimu wageni kabla hawajasalimiwa. Pwani yake ina chembe zinazometameta juani hadi mgeni akadhani amekanyaga dhahabu. Nje ya nyumba kuna kaburi la kale la mnara, lililopambwa kwa bakuli za kaure za Kichina. Mwaka 2010 wataalamu wa Makavazi ya Taifa pamoja na wenzao wa China walipochimba hapo walipata sarafu ya shaba ya zama za mfalme Yongle, yule aliyetuma merikebu za Zheng He katika bahari hii, na ambaye mwaka 1415 alipelekewa twiga kutoka Malindi.

Mjukuu mkubwa aliposikia habari ya sarafu aliishika mashine kama mtu anayeshika bunduki. "Babu, saa moja tu, hapo karibu na magofu." Nami siwaficheni, moyo wangu uliwayawaya. Lakini hili, ndugu zangu, ni jambo ambalo kila mzazi mwenye hamu ya mchezo huu lazima alijue. Kwa Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, haijuzu kutafuta vitu vya kale bila leseni, si kwa kuchimba wala kwa kupekua juu ya ardhi. Kitu cha kale kwa maana ya sheria hiyo ni kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Aliyekikuta kwa bahati hutakiwa atoe habari kwa Makavazi ndani ya siku saba, akionyesha mahali hasa alipokipata. Ndururu yetu ya 1942 haimo. Sarafu ya Kilwa imo.

Mtoto akaona ni ubakhili wa serikali. Nikamwambia habari ya Gede, ambako shule yao iliwahi kuwapeleka. Bwana James Kirkman alipoanza kuchimba magofu yale mwaka 1948, nyumba hazikuwa na majina, kwa kuwa wenyewe walikwishaondoka na hapakuwa na wa kuuliza. Basi zikapewa majina ya vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma. Lau mtu angetangulia na mashine yake usiku akaziondoa sarafu zile, yeye angepata vipande vichache vya shaba vya kuuza, na nyumba ile ingebaki kuta bila jina. Kitu cha kale kikiondolewa mahali pake bila kuandikwa huwa kama maneno yaliyong'olewa katika kitabu: herufi unazo, lakini hujui yalisema nini.

Na kinyume chake pia kipo. Mwaka 1944, wakati wa vita vikuu, askari mmoja wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu chache kwenye ufukwe wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Akaziweka katika kopo kwa miaka mingi. Zilipokuja kuchunguzwa, tano kati yake zikajulikana kuwa ni za Kilwa, mji wetu wa Waswahili, ng'ambo ya bahari nzima. Zilifikaje huko, wataalamu wangali wanabishana. Lakini mabishano hayo yana maana kwa sababu bwana yule alitia alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Nikamwambia mjukuu wangu: kalamu ni bora kuliko mashine. Akaifunga mashine akaitia ndani ya gari, kwa uso uliokunjamana lakini bila ubishi.

Njia ya kwenda kwao yule binti huuacha mji na kuelekea bara, upande wa Marafa, ambako ardhi ni nyekundu na minazi ya pwani hupungua, mibuyu ikachukua nafasi. Hatukupiga simu kabla. Tulimkuta mama yake akipukusa mahindi mlangoni. Alitutambua, akasita, kisha akatoa viti na mkeka kama ilivyo ada ya watu waungwana, na mahindi ya kuchemsha yakaletwa kabla hatujasema tulilojia. Nakiri kwamba punje ya kwanza ilinikwama kooni.

Binti akaja akakaa karibu na mama yake. Mkaza mwanangu alianza kusema akashindwa. Basi nikasema mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na ndiye niliyenyamaza. "Mwanangu, bangili haijapatikana. Hatukuja kukuambia imepatikana. Tumekuja kukuambia kuwa tulikudhulumu. Hatukuwa na ushahidi juu yako, na tulikufanyia kama watu wenye ushahidi. Mimi nilijua hukumu yake kuliko wote nyumbani, nikanyamaza. Twaomba radhi yako, na radhi ya mama yako."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, kwa adabu, bila kuninyanyulia macho: "Babu, mimi nimewasamehe. Lakini siku ile mliponiuliza dirisha lilikuwa wazi. Majirani walisikia. Leo mmekuja kuniomba radhi huku kwetu, na kule hakuna atakayesikia."

Mama yake alitaka kumnyamazisha. Nikamwambia: "Mwache, dada yangu, amesema haki." Na hakika amesema haki, kwa kuwa wanazuoni wetu wametufundisha kuwa mwenye kumtia mtu doa mbele za watu, katika toba yake ni kuliondoa mbele za watu wale wale.

Tulirudi Malindi baada ya magharibi. Usiku ule ule mkaza mwanangu na mama mkwe wake walibisha hodi nyumba tatu za jirani, wakasema walilopaswa kusema. Ama mimi, watu wanaonisikiliza ni wengi kuliko nyumba tatu, na ukurasa huu ndio dirisha langu. Basi nasema: binti aliyekuwa akitusaidia kazi nyumbani kwetu hakuiba. Aliondolewa kwa dhana, na dhana ilikuwa yetu. Tulimwalika arudi akakataa kwa upole. Ameanza kujifunza ushoni, na haki yake ya fidia tumeafikiana na mama yake.

Enyi kina mama, siwakatazi kuwa na tahadhari na mali zenu. Lakini kitu kikipotea nyumbani, tafuteni kitu kabla ya mtu. Hesabuni vito kabla ya kutoka na baada ya kurudi, na mkienda pwani viacheni nyumbani. Na msiulize suala lolote mbele ya dirisha lililo wazi ambalo hamtakuwa tayari kulijibu mbele ya dirisha hilo hilo.

Kwa watakaopenda mchezo huu na watoto wao, nao ni mchezo mzuri wenye mazoezi na mazungumzo: kaeni mbali na magofu, makaburi na miji ya kale. Ulizeni ruhusa ya mwenye ardhi. Angalieni maji kujaa na kupwa. Fukieni matundu, bebeni takataka mrudi nazo, na mkikuta kinachofanana na risasi au kombora msikiguse, waiteni polisi. Mkiokota cha kale, andikeni mahali na mpeleke habari Makavazi. Mkiokota cha mtu, ni amana.

Na kwa sababu hiyo namalizia kwa tangazo. Imeokotwa pete mchangani, mlangoni mwa Sabaki, upande wa Malindi. Ndani yake mna maandishi. Aliyepotelewa amwendee imamu wa msikiti wa mtaa wetu, amweleze ni ya namna gani, imeandikwa nini, na aliipoteza lini. Tutaitangaza mwaka mzima, insha Allah. Chifu naye amekwisha kuarifiwa. Na kama mwenye pete hiyo, ilipompotea, alimdhania mtu, basi na amtafute mtu yule pia.

Wabillahi tawfiq.